Mafua ya Msimu wa Ndege

Kwa nini mtoto ambaye kwao kuna friji na televisheni atake kuja kuchomwa jua akiwinga ndege kwenye mpunga wetu? Shoga yangu huyo, baba yake alikuwa na duka kubwa Bungu, na mama yake alimwonya kwamba akikanyaga shambani kwetu, urafiki wetu umekwisha.

Basi nilimfunga khanga ya mama yangu ili gauni lake lisichafuke, tukapanda dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, tukapiga madebe na kupayuka kutwa.

“We tajiri, unapiga kelele kama umelipwa!”

“Niache, shoga. Kwetu hata kucheka kwa sauti nakatazwa.”

Jioni mama yake alitupokea mlangoni. “Mwenzio mbona sauti imemkauka?”

“Shikamoo, mama. Ana mafua.”

“Marahaba. Na yako je?”

“Kaniambukiza.”

Akatuchemshia chai ya tangawizi. Kesho yake tuliporudi tena kutoka dunguni, tulikuta tangawizi imeshatwangwa.

Nilifika chuo kikuu, nikihoji kila kitu, isipokuwa ushindi wetu ule wa kumdanganya mama wa tangawizi. Kwenye harusi ya shoga yangu ndipo shangazi yake aliponiambia: mama yule alikulia dunguni, kule Ngarambe.