Kipaza na Msichana Aliyembusu Mzimu

Kipaza alimchukia msichana yule wa kwenye filamu tangu alipomwona mara ya kwanza, na kumchukia mtu ambaye itabidi umsemee saa mbili nzima si kazi ndogo.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Siyo yale maandishi ya chini wanayosoma watu wenye miwani, la. Yeye alikaa juu ya kreti ya soda kando ya televisheni, ndani ya ukumbi wa video ambao madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi, mkono wa kulia umeshika kipaza sauti, wa kushoto uko kwenye kitufe cha sauti. Watu wa kwenye filamu wakifungua midomo, anawashusha na kusema badala yao. Risasi zikianza, anazipandisha. Alikuwa jambazi, akawa polisi, akawa mke wa jambazi, akawa hata mbwa. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa na tabia ya kurusha shoti, kwa hiyo alikiviringishia leso, na leso hiyo ilinuka mate ya miaka. Jina lake halisi lilibaki kwa mkewe na kwenye kitambulisho.

Zamani alikuwa akipiga debe mlangoni pa duka la vyombo vya plastiki. Alizisifia ndoo mpaka mtu aliyekuja kununua sindano anaondoka na beseni. Siku mtafsiri wa mwanzo alipokaukiwa na sauti, mwenye ukumbi alitoka mbio, akamshika Kipaza mkono, akamwambia, "Wewe unayeongea na ndoo, njoo uongee na watu." Hakurudi dukani tena. Ile lugha ya kigeni aliijua nusu. Nusu nyingine aliijaza mwenyewe, na hakuna aliyewahi kulalamika, maana kwenye filamu za ngumi mtu anayepigwa husema kitu kilekile dunia nzima.

"Nyumbani unakaa kama kabati," mkewe alimwambia. "Kule uko watu ishirini."

"Ndiyo maana huku napumzika," alijibu Kipaza, na kwa jioni ile hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Sasa mwenye ukumbi, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo ambaye wote walimwita Bosi, akaona wanaume wanapungua. Kila mmoja ana filamu zake kwenye simu. Akaamua Jumapili mchana iwe ya kinamama na mabinti zao. Filamu akaichagua binti yake wa miaka kumi na sita.

Ilikuwa hivi. Kuna msichana. Kuna ziwa. Ziwani kuna mzimu wa kijana aliyezama miaka mia iliyopita na mpaka leo hajapata taulo, maana kila akitokea nywele zinachuruzika. Msichana anampenda. Kila wakibusiana, msichana anamsahau mtu mmoja katika maisha yake. Kwanza mwalimu. Halafu rafiki wanayekaa naye dawati moja. Anajua kabisa kinachomtokea, kijana mwenyewe kamwambia, na bado kila jioni anashuka ziwani, viatu mkononi. Mwisho anabaki na mama yake tu, na huyo naye yuko kwenye foleni.

Jumapili ya kwanza Kipaza alimpa msichana sauti ya panya aliyebanwa na mlango. Pale anapolitazama ziwa kimya, na kutazama ziwa kimya ndiyo kazi yake kubwa mle ndani, Kipaza akamsemea, "Loo, mimi ni bwege, nani anichukue nyumbani?" Kinamama walicheka mpaka benchi likavunjika. Mabinti wakatoka mmoja mmoja, wamenuna, wa kwanza akiwa binti wa Bosi.

Bosi alimwita pembeni. "Wanaotaka kucheka wana Jumamosi yao. Jumapili watu wanakuja kulia."

"Wamlilie nani, Bosi? Yule?"

"Sikiliza. Jumapili ijayo akicheka mtu hata mmoja kwa sababu yako, kipaza nampa fundi simu. Yule lugha anaijua yote. Na hana dharau."

Fundi simu alikuwa na kibanda mlango wa pili. Aliongea kama anayesoma taarifa ya habari, na kila wiki alikuwa akiuliza kama kuna nafasi.

"Bosi, mimi bila hicho kipaza nitakuwa nani?"

"Utakuwa yule wa ndoo," Bosi akasema, na hakuwa anatania.

Kipaza akaichukua ile filamu nyumbani akafanye mazoezi. Mkewe alikaa naye, mikono kifuani, akaitazama mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Huyu mtoto filamu nzima hajaosha hata kikombe," alisema.

"Yuko kwenye mapenzi."

"Mapenzi gani ya kulowa? Halafu mama yake anamtengea chakula kila siku, hajawahi kumwona akila. Mbona hafi?" Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Na wewe utamsemea huyo?"

"Nitamsemea."

"Pole, baba watoto."

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa. Mabinti walikaa mbele wamebanana, mama zao nyuma. Bosi alisimama mlangoni. Kipaza alimsemea msichana kwa sauti bapa, kama anayesoma maelezo ya dawa, hakuongeza wala kupunguza. Meno yalimuuma kwa kujizuia.

Wengine hawakujizuia. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati ya jirani, wote walimwita Sista, aliyekuja na sare yake moja kwa moja kutoka zamu. Kijana wa ziwani alipoweka mkono wa msichana kifuani pake ili ahisi kimya cha moyo wake, Sista akasema kwa sauti, "Hana mapigo. Mimi ningekuwa nimeshamfunika shuka."

Nyuma kote kukalipuka. Kipaza akageuka haraka kumtazama Bosi. Bosi akatikisa kichwa: hicho si chako, endelea.

"Na msichana naye," alidakia fundi cherehani aliyekaa jirani ya Sista, "gauni moja tangu tuanze. Hana jingine?"

"Kasahau kabati liko wapi," Sista akamjibu.

"Mama, nyamazeni basi!" mabinti wakapiga kelele.

Busu la pili likaja, rafiki akasahauliwa, likaja la tatu, la nne. Ndipo mama wa kwenye filamu akarudi kutoka kazini. Akavua viatu mlangoni, akauliza kama kuna mtu amekula. Msichana akatoka chumbani, akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba, akasema maneno mafupi. Kipaza aliyajua. Yalikuwa katika ile nusu yake: wewe ni nani? Aliyafanyia mazoezi wiki nzima.

Lakini alipomwona yule mama na viatu vyake mkononi, dharau ikampanda mpaka kooni. Kusahau! Yaani mtu akulee miaka yote hiyo, wewe umtoe kwa busu la maji, halafu uachiwe kwa sababu eti umesahau? Huyu hakustahili hata kusahau. Mdomo wa Kipaza ukaenda wenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa ya panya wala ya dawa. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Nakujua," msichana akasema. "Nakujua vizuri sana, mama. Ila nikikubali kwamba nakujua, itabidi nibaki."

Feni ikasikika.

Hapo ndipo Kipaza alipotambua alichojifanyia. Filamu ilikuwa imebakiza dakika arobaini, na katika kazi ile hakuna kurudi nyuma ukafuta. Picha zinakuja tu, kila moja inataka maneno yake. Kwenye filamu za ngumi akikosea alikuwa anasema huyo ni pacha wake, mambo yanaendelea. Hapa pacha angetoka wapi?

Mama akaleta picha za utotoni, msichana akatikisa kichwa. "Zitoe hizo," Kipaza akamsemea, "nitalia bure." Wakaenda hospitali. Daktari akammulika msichana machoni, akaonyesha picha ya ubongo, akaeleza kirefu, na Kipaza akasubiri mpaka alipokaribia kumaliza ndipo akasema, "Mama, kichwa cha binti yako ni kizima. Kinachomsumbua hakionekani kwenye mashine yangu."

"Nilijua!" Sista alisema. "Mjinga wa makusudi!"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamdharau sasa kwa namna nyingine, kama unavyomdharau mtu wa nyumbani kwako, ambaye ukimaliza kumtukana bado unamwekea chakula. Hata yule mzimu Kipaza alimpa cha kusema. "Mimi nilizama kwa bahati mbaya," alimwambia msichana. "Wewe unajizamisha." Akarudi ndani ya maji na nywele zake.

Msichana akakimbia mpaka nyumbani, akapiga mlango kwa ngumi, akapaza sauti neno lile ambalo fundi simu angelitafsiri sawasawa: nakukumbuka. Kipaza akalishusha kwa kitufe.

"Fungua, mama. Nimechoka kujifanya."

Mlango ukafunguliwa. Fundi cherehani alikuwa ameficha uso kwenye khanga. Sista alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Shenzi kabisa," alikuwa akisema, machozi yanamtoka. "Litoto shenzi kabisa hili." Mabinti kadhaa walikuwa wamegeuka kuwatazama mama zao, wengine wametazama sakafu.

Watu walipotoka, binti wa Bosi alibaki. Akaja mpaka kwenye kreti.

"Anko, umeongopa. Alisahau kweli. Mimi nimeitazama mara tatu."

Bosi alikuwa anakusanya mabenchi. Akaliacha alilolishika. "Kweli, Kipaza?"

"Kweli." Akaifungua leso, akakiweka kipaza sauti juu ya televisheni. Mlangoni fundi simu alikuwa ameshasimama, shati limepigwa pasi.

"Umeiharibu filamu!" binti akasema.

"Niliipokea ikiwa imeharibika."

Bosi hakumjali Kipaza. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Kwa hiyo kwenye ile ya kweli, anamsahau mama yake, na si kosa lake?"

"Si kosa lake, ni mapenzi."

"Na hiyo ndiyo uliyoitazama mara tatu."

Binti alianza kubandua rangi ya benchi kwa ukucha. Bosi akamgeukia fundi simu. "Wewe rudi kwenye simu zako." Na kwa Kipaza, "Jumapili nataka useme hivyohivyo."

"Hivyohivyo sitaweza, Bosi. Mimi nasema yanavyokuja. Kesho sina hata moja."

"Huyu anayo." Bosi alimnyooshea mwanawe kidole. "Si amekaa anayahesabu makosa yako yote? Atakaa na wewe hapo, akunong'oneze neno kwa neno."

"Mimi? Nimnong'oneze uongo?"

"Tena uanzie pale anaposema itabidi nibaki."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama Kipaza, akaona hakuna mlango hata mmoja uliobaki wazi. Akavuta kreti ya pili kutoka kwenye kona, akaitupa kando ya ile ya Kipaza kwa kishindo, akatoka nje.

Kipaza akakiviringishia tena kipaza sauti leso yake. Kwenye televisheni filamu ilikuwa imejirudisha mwanzo yenyewe, msichana anashuka ziwani, viatu mkononi, hana habari na mtu.

"Mpuuzi," Kipaza alimwambia, akachomoa waya.