Mzani wa Osiako

Ukiingia soko la Navakholo siku ya soko, pua itakufikisha kwa Jescah kabla macho hayajamwona. Ana sufuria ya kunde, ana ya mrenda, na kando kidogo, kama mgeni wa heshima, ana ya kuku wa kienyeji, ingokho mwenyewe. Ukiuliza mboga zake zina nini watakuambia wote kwa pamoja: musherekha. Ndiyo ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, inayochujwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, tone kwa tone, mpaka maji yatoke na rangi ya chai kavu. Kila mama wa huko huchuja musherekha. Ila ya Jescah watu huifuata na chupa.

Sasa, Jescah huyu alikuwa na jambo aliloliweka moyoni tangu ujana. Alipojifungua mwanawe Tyson, mama mkwe wake alimpa uji baridi na maneno ya moto. Akajiapia akiwa palepale kitandani: siku nami nitakapopata mkaza mwana akazaa, atakula mpaka majirani waulize ni mke wa mbunge gani.

Siku ikafika. Tyson, aliyesomea kuchomelea vyuma pale chuo cha Sigalagala na sasa yuko kazini Kitale, alimwoa Gentrix, msichana wa Lugari mwenye kicheko cha haraka na miguu myembamba ya mtu aliyezoea kukimbia. Gentrix akajifungua salama, mtoto wa kiume, wakamwita Lusweti, jina la babu yake. Tyson akarudi kazini. Jescah akafunga biashara, akajifunga leso kiunoni, akaingia jikoni.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoanza kupotea njia, na yalipotea kwa upendo. Asubuhi uji wa wimbi. Saa nne supu ya kuku. Mchana obusuma, ugali wa huko, na kunde zilizolainika kwa musherekha. Jioni supu tena. Na Gentrix akanawiri! Uso ukawa mviringo, vidole vikajaa, miguu ikakataa kuingia kwenye ndara. Wageni walipokuja kumwona mtoto, walimtazama mama kwanza.

"Mulembe, Mama Tyson!" Huyo alikuwa Edah, jirani muuza mitumba, ambaye mdomo wake haujui likizo. "Wewe unalishanga watu ama unawapuliza kwa pampu? Hebu oneni mashavu!"

Wakacheka wote. Jescah akajifanya haoni sifa, akainama kupanga vikombe.

"Ni mkono tu," akasema.

Gentrix naye alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Jioni hiyo Jescah alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta. Kidole gumba kikabonyea kwenye mfupa wa muundi, na alipokiondoa shimo likabaki, kama kwenye unga wa chapati. Akalitazama likijaa polepole. Kisha akavuta leso, akaufunika ule mguu.

Asubuhi alimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani, amesinzia.

"Gentrix, mbona hulali kama watu?"

"Mama, nikilala chali ni kama mtu amenikalia kifuani."

"Huo ni uchovu wa uzazi, mwanangu. Kunywa supu."

Akanywa. Angesema nini? Mama mkwe anayekupenda hivyo, utamkatalia bakuli kwa uso gani?

Mawingu ya alasiri yalikuwa yamekusanyika, kila mtu mbio kuanua nguo. Gentrix alitoka kutoa nepi za mtoto kambani. Hakufika. Jescah alimwona kupitia dirisha la jikoni akipiga magoti kwenye nyasi, mkono mmoja bado umeshika kamba, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi. Mwiko ukaanguka. Mtoto akaachiwa Edah, na kijana wa boda aitwaye Were akaitwa kwa kelele iliyosikika mpaka njia panda.

"Mama, huyu ni mgonjwa wa nini?" Were akauliza, akimtazama Gentrix.

"Ningejua ningekuita? Endesha!"

Wakampakia katikati. Jescah alikaa nyuma amemkumbatia, mvua inawapiga, na kupitia mgongo wa mkaza mwana wake akausikia moyo ukipiga bila mpango, mbio mbio, kama wa kuku aliyekamatwa. Njia nzima hadi Kakamega mjini aliusikiliza. Aliogopa kwamba akiacha kuusikiliza utanyamaza.

Hospitalini walimwekea hewa, wakamdunga sindano, wakampiga picha ya moyo. Daktari aliyetoka kuzungumza na Jescah alikuwa mama kijana, Chepkirui, mpole wa sauti lakini si wa kuzungukazunguka.

"Moyo wa Gentrix umelegea," alisema. "Ni jambo ambalo hutokea mara chache, mwisho wa ujauzito au baada ya kujifungua. Moyo unashindwa kusukuma damu sawasawa, maji yanabaki. Yanakaa miguuni, yanakaa kwenye mapafu. Ndiyo maana hawezi kulala chali."

"Kwa hivyo ule unene..."

"Haukuwa unene, Mama. Yalikuwa maji."

Jescah akaketi. Maneno ya Edah yakamrudia, pampu na mashavu na vicheko vya wageni, akatamani kuziba masikio.

"Nani humpikia?"

"Ni mimi."

"Chumvi?"

"Chakula bila chumvi si ni matusi, daktari?"

"Kwa huyu, chumvi ndiyo matusi. Na supu nazo zipungue, hayo pia ni maji."

Jescah aliuangalia mkono wake, ule aliokuwa akiusifu. "Niambie tu ukweli. Ni mimi nimemfanya hivi?"

"Hapana. Huu ugonjwa haukutoka jikoni kwako. Sisi wenyewe hatujui vizuri kwa nini unamshika huyu na kumwacha yule. Ila kupona kwake, hiyo itapitia jikoni kwako."

"Atapona?"

Chepkirui alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Wengi, moyo hurudi polepole. Wengine haurudi wote. Na kuna ambao tunawapoteza. Nakuambia sasa ili tusaidiane."

Waliporudi nyumbani walibeba dawa, na maagizo mawili ambayo Jescah aliyakariri njiani kama salamu za kupeleka mbali. La kwanza, kila asubuhi abonyeze muundi aone kama shimo linabaki. La pili, Gentrix apimwe uzito mara kwa mara, maana maji yakirudi, mzani utajua kabla ya macho.

Lakini mzani utatoka wapi? Navakholo mzani ni wa Osiako, mnunuzi wa mahindi, pale mlangoni pa stoo yake, palipo na macho ya soko zima.

"Karibu, karibu," Osiako akasema, akifuta vumbi la mahindi kwa kofia. "Na huyu ni grade gani?"

"Grade ya kwanza," Gentrix akajibu, akihema. "Na sijakaushwa bado."

Osiako alicheka mpaka akashika mlango. Tangu siku hiyo hakuruhusu gunia lipande mzanini kabla ya Gentrix.

Kushuka sokoni kulikuwa rahisi. Kurudi kulikuwa na mlima, barabara ya murram tupu. Gentrix alipumzika penye miwa ya jirani yao Patroba, akapumzika penye kanisa, akapumzika tena kwenye lango la kwao wenyewe, ameshika nguzo. Jescah, mtoto mgongoni, alisimama kila aliposimama, akijifanya anatazama miwa.

Tyson akaja na chuma alichokichomelea Kitale, egemeo la mgongo la kuweka kitandani, lenye mteremko mzuri. Gentrix akalala usiku mzima. Mzani ukaanza kushuka, na asubuhi shimo la kidole likawa linajaa upesi.

Halafu siku moja mzani ukapanda.

Ukitaka ukweli wa binadamu, Jescah alifurahi kwanza. Furaha ya zamani ilimruka kooni kabla hajaikumbusha kwamba mambo yamebadilika. Kisha akamsikia Gentrix akikohoa. Hawakupanda mlima, walipanda boda kwenda mjini.

"Mmekula nini?" Chepkirui akauliza.

"Chumvi ya duka niliitupa siku ileile, naapa. Natumia musherekha tu."

"Musherekha ni nini kama si chumvi, Mama?"

"Ni ya majivu. Ni yetu."

"Iwe yetu iwe ya dukani, ni chumvi. Na hizi dawa anazokunywa hazipatani nayo hata kidogo, inaweza kuuvuruga moyo vibaya kuliko ile ya dukani."

Nyumbani Jescah aliingia jikoni akautungua ule mkebe kwenye msumari. Ulikuwa wa mama yake mzazi, matundu yake yamepigwa kwa msumari wa mama yake. Hakuutupa. Aliupindua kwenye rafu, mdomo chini, kama kikombe cha mtu aliyesafiri.

Kisha akaanza upya, mtu mzima, kama msichana anayefundishwa kupika. Limau. Dania. Nyanya zilizokaangwa mpaka zikaiva kabisa. Simsim iliyosagwa kwenye kunde.

"Haya, sema ukweli," alimwambia Gentrix siku ya kwanza.

Gentrix alitafuna kwa muda mrefu. "Mama, hii ni kama kula godoro."

"Lenye limau?"

"Godoro lenye limau."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Jescah akajipakulia sahani ileile, akala yote. Aliapa hataweka sufuria mbili jikoni. Atakachokula mkaza mwana ndicho watakachokula wote, na Tyson akija na ulimi wake wa Kitale avumilie.

Miezi ikasogea. Maji yakaenda zake, na chini ya maji kumbe kulikuwa na yule msichana wa Lugari: shingo ndefu, mikono myembamba, macho makubwa. Watu wakaanza kunong'ona. Kunong'ona kwa Edah hufika ng'ambo ya soko.

"Mama Tyson!" aliita, siku Gentrix amesimama mzanini na wateja wamejaa. "Huyu mtoto wa watu umemfanya nini? Alikuwa anang'aa, leo ni mifupa! Ama kuku zimekuwa ghali?"

Wateja wakageuka kutazama. Huko, mama kuambiwa amemnyima chakula mkaza mwana ni kuvuliwa leso hadharani. Jescah alimwona mama mkwe wake na uji wake baridi, waziwazi, kama yuko pale.

Kisha akamtazama Osiako. "Soma mzani. Kwa sauti."

Osiako akasoma. Ulikuwa umeshuka tena.

"Mmesikia?" Jescah akasema. "Niliwalisha macho yenu mkanisifu, na mwanangu alikuwa anazama mbele yenu. Edah, wewe ndiwe uliyembeba Lusweti siku ile ya mvua. Ulitaka umbebe bila mama yake mpaka awe mkubwa?"

Edah aliinamia mitumba yake, akapekua. Alichukua blauzi nyekundu kwenye rundo lake, akaipima kwa macho mabegani mwa Gentrix.

"Hii itakutosha," alisema polepole. "Ile size ya zamani haikuwa yako."

Wiki hiyo Gentrix alipigwa picha ya moyo tena. Chepkirui aliitazama, akatabasamu. Moyo umerudi karibu wote. Dawa ziendelee, na mimba nyingine isifikiriwe bila yeye kuulizwa. Jescah alikuwa na jina la mama yake, Musimbi, alilomtunzia mjukuu wa kike.

"Jina litangoja," alisema kabla hajaulizwa, akimshika Gentrix mkono. "Na lisipopata mtu, mimi ninaye huyu."

Waliporudi wakashukia sokoni, wakaanza mlima kwa miguu. Gentrix alikuwa na Lusweti mgongoni, ndara miguuni, blauzi nyekundu, na hadithi ndefu kuhusu shangazi yake wa Lugari na jogoo wa pasta. Wakapita miwa ya Patroba, hadithi inaendelea. Wakapita kanisa, jogoo bado hajakamatwa. Ni hapo Gentrix alipogundua kwamba anazungumza peke yake. Akageuka.

Jescah alikuwa amesimama chini kidogo, mikono kiunoni, akihema, machozi na jasho vikishuka pamoja.

"Mama! Ni nini?"

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Pole pole tu. Mlima huu ni mkali kwa sisi wazee."