Harambee ya Kumpeleka Nafula Uarabuni

Niliondoka Bungoma na swali la mwalimu wangu wa uchumi: kwa nini watu bado wanapeleka jasho lao ng'ambo wakati soko la huko linawaumiza? Jibu alikuwa nalo tayari, eti hawana habari. Mimi nilitumwa Nairobi nikalithibitishe.

Gatina, huko Kawangware, nilipokewa na shangazi yangu. Hata ugali sijaumega, akaanza kujigamba. "Binti yangu Nekesa yuko Uarabuni mwaka wa tatu. Kanisa lilimchangia. Jumapili hii tunamchangia mdogo wake, Nafula, amfuate."

"Nekesa huandika?"

"Mtu wa kazi atapata wapi wakati?"

Asubuhi nilikwenda Kibera kwa miguu. Fundi viatu mmoja wa Gatina alikuwa ameniambia kwamba huko, mtaa wa Silanga, kuna mwanamke aliyerudi kutoka Uarabuni, ila jina hakulijua. Nikapita mtaa wa Olympic, nikateremka hadi karibu na bwawa. Muuza makaa mmoja akainua uso. Alikuwa Nekesa.

Hasira ilinipanda. "Kumbe uko hapa, na mama anajigamba kwamba uko Uarabuni!"

"Nirudi nyumbani na nini, cuzo?" Akakunja mkono wa blauzi. Kovu la pasi lilikuwa pana, limekakamaa. "Tajiri wangu alinichoma, na mshahara sikuuona. Na walinichangia, mzee wa kanisa hata akauza mbuzi. Mtu aliyechangiwa harudi mikono mitupu."

Nilipomtajia Nafula, alisimama ghafla. "Huyo haendi."

Jumapili Nekesa alisimama mbele ya kanisa, akaeleza yote na kuonyesha kovu. Shangazi alilia kwa sauti. Nikajiambia, basi, habari wamezipata, Nafula amepona.

Nafula akainuka. "Pole, sister. Lakini hapa nafua nguo za watu na bado nalala njaa. Acha nami nijaribu."

"Kila mtu na bahati yake," mchungaji akasema. "Huyu tutamwombea zaidi." Watu wakaitikia amina, beseni la mchango likaanza kuzunguka. Nilitamani kulipiga teke.

Nimerudi Bungoma na jibu ambalo mwalimu hatalipenda. Habari tunazo, tena tumeziona kwa macho. Nisichokisahau mpaka leo ni beseni lile lilipomfikia Nekesa. Alifungua fundo la leso, akatia pesa yote ya makaa, akamwambia mdogo wake, "Hii usiiguse. Ni nauli ya kurudi."