Mpishi wa Monasteri

Mtawa Akakio alikwenda Mlima Athos kutafuta isihia, ule utulivu wa moyo, akapewa chumba kilichopakana na jiko. Mpishi, mzee mwenye mikono iliyojaa makovu ya mafuta ya moto, alikuwa akiburuta masufuria tangu alfajiri, akipiga chafya za kishindo, na kugombana na paka kama mtu na mkewe. Akakio alikata tamaa.

Kisha moto wa msituni ukafika kwenye ukuta wa monasteri. Watawa walipiga mayowe, lakini mpishi aliwagawia mablanketi yaliyoloweshwa maji, kwa sauti ileile ya kugawa mkate: "Shika, baba. Wewe, dirisha lile."

Upepo uligeuka, wakapona.

"Mzee, hukuogopa?" Akakio aliuliza.

"Nimejikojolea, mwanangu," mpishi alinong'ona, akimvutia kigoda. "Keti kwanza, unywe supu."