Wajerumani wa Bi Hilwa

Asubuhi ile Bi Hilwa aliamka na hadithi. Hilo halikuwa jipya. Wengine hutoka kazini na mabaki ya wali, yeye alitoka na hadithi, akalala nayo, akaitoa kwenye chai.

Chai ilikuwa ya maziwa. Mkate ulikuwa wa jana, ule mwembamba wa tanuri la Mwajemi, aliorudi nao umefungwa kwenye gazeti. Mumewe, Khalfan, alikuwa ameshavaa shati la kazi, anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Chumba chao kilikuwa ndani ya ukuta wa nyumba ya arbab, tajiri wake, huko Al Warqa, Dubai, karibu na geti alilokuwa akililinda. Kutoka kitandani mpaka getini, hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kila siku.

"Bwana, unawajua Wajerumani?" Bi Hilwa akauliza.

"Waliotawala bara?"

"Babu zao wa kale. Wakiwalinda wafalme wa Kirumi. Madam kanisomea jana, mie nakata bamia."

Madam Suad alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Iraki, mkaazi wa Al Mankhool. Bi Hilwa alimpikia miaka mingi. Kusoma hakujua, wala Khalfan hakujua, lakini kikishaingia masikioni mwake kitu hakitoki.

"Mfalme mmoja mzee," akaendelea, "aliletewa askari wa Kijerumani. Wametoka safari ndefu ya bahari, wagonjwa, hawajiwezi. Akawaangalia vizuri mpaka wakapata nguvu. Ikafika siku watu wake mwenyewe wakamgeuka. Kila mtu kamkimbia. Wageni wale ndio waliotoka mbio kwenda kumsaidia."

"Wakamwokoa."

"Wapi. Mji hawaujui. Wakashika njia ya kuzunguka. Kufika, mzee wa watu keshauawa."

Khalfan akakipata kiatu. "Si wangeuliza."

"Kwa lugha gani? Na wewe je, nikikwambia njoo Mankhool, utafika?"

"Arbab akinipeleka."

"Mjerumani wewe," akasema Bi Hilwa, akajitanda buibui, akaenda zake kungoja basi.

Alikuwa na haki ya kumcheka. Khalfan kazeekea Dubai, lakini mji wenyewe aliujua kwa kusimuliwa. Geti, msikiti, duka la kona, basi. Mengine aliletewa na mkewe jioni pamoja na mkate. Leo wamefunga barabara tena, humwambia, kwa ajili ya ile reli ya juu. Leo nimeshuka mbali nikapita uchochoro wa Mwajemi, nikatokea nyuma ya hospitali, mlango wa jikoni kwao ule wa kijani. Khalfan alisikiliza akila. Hakujua kwamba anafundishwa njia.

Walijuana kwa maradhi. Khalfan alishuka bandarini kijana, kutoka Unguja, na homa iliyompata melini. Wakambeba mpaka kwa mtu mmoja aliyekuwa akiwapokea wageni wa kwao. Dada wa mtu huyo ndiye Hilwa. Alimlisha uji wa pilipili manga kwa kijiko, kaka yake kakaa mlangoni akiangalia nje, kwa heshima. Alipopona akapeleka posa. Wenziwe wakasema Khalfan kaoa uji. Hakubisha. Watoto hawakujaaliwa, na uji ule aliudai kila akikohoa, hata akikohoa kwa makusudi.

Adhuhuri simu ya getini ikalia. Alikuwa Madam Suad, Kiarabu chake kinakatikakatika kwa hofu.

"Hilwa kaanguka jikoni. Moyo. Yuko hospitali, hii ya huku kwangu. Anakuuliza. Njoo, Khalfan, upesi."

Kufika, mzee wa watu keshauawa. Maneno ya asubuhi yalimrudia vilevile, kwa sauti ya mkewe.

Arbab alikuwa safarini. Geti hilo Khalfan hakuwahi kuliacha hata siku moja. Akasimama na funguo mkononi. Nyumba ya pili ililindwa na Jotham, Mkenya, mtu wa maneno mengi. Akauona uso wa Khalfan, akavuka.

"Ni mama?"

"Yuko hospitali."

"Sasa unangoja nini? Leta funguo."

"Arbab akirudi akanikosa?"

"Hiyo maneno ya arbab niachie. Geti mbili, mtu mmoja, nitasimama katikati kama trafiki. Enda, mzee wangu, enda."

Khalfan akaenda. Teksi aliipata barabarani. Dereva alikuwa kijana wa Peshawar, naye mgeni kuliko yeye.

"Mankhool," Khalfan akasema. "Hospitali."

"Hospitali gani?"

Jina hakulijua. Bi Hilwa hakuwahi kulitaja. Wakavuka daraja. Mbele barabara imefungwa, vizuizi vya rangi ya chungwa, mashine zinachimba. Wakageuka. Wakazunguka. Wakaliona jengo lilelile la vioo, halafu wakaliona tena. Dereva akamshusha mbele ya hospitali moja kubwa. Aliyekuwa mapokezi akatafuta jina, akatikisa kichwa. Siyo hii. Wakatoka tena, na kila njia waliyoishika iliwarudisha kwenye mashimo.

"Khalas, basi," Khalfan akasema. "Nishushe hapa."

Jua la mwezi wa sita likampokea. Akatembea. Mtu wa kwanza aliyemuuliza akamwelekeza kulia, wa pili akamrudisha alikotoka. Kamba ya kiatu ikafunguka, hakuifunga. Alijua sasa jinsi walivyokuwa wale Wajerumani, nguvu wanazo, nia wanayo, ukuta mbele.

Ndipo akapishana na mtu kabeba mkate kwenye gazeti. Mkate mwembamba, unatoa moshi.

"Umenunua wapi, ndugu?"

"Kwa Mwajemi, hapo nyuma."

Khalfan hakuuliza tena. Akaufuata mkate kinyumenyume mpaka kwenye tanuri. Pale akasimama, akamsikiliza mkewe. Uchochoro wa Mwajemi. Akapita. Utatokea nyuma ya hospitali. Akatokea. Mlango wa jikoni ule wa kijani. Ukawepo, kijani kweli, na mpishi mmoja nje anavuta sigara, akamwonyesha ngazi.

Madam Suad alikuwa kakaa kwenye kiti nje ya chumba. Alipomwona Khalfan akasimama.

"Yu hai. Ingia, anakungoja."

Khalfan akausukuma mlango, akaingia.

Walikuwa pamoja mchana ule na usiku ule. Alimpa maji kwa kijiko, muuguzi akaruhusu. Kabla ya alfajiri Bi Hilwa akaondoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Arbab aliporudi aliuliza habari ya geti. Jotham akamweleza. Arbab akaenda kumshika Khalfan bega.

Chumba sasa ni kikubwa. Asubuhi chai inanywewa kimya, na kimya hicho kinauma. Lakini Ijumaa Khalfan hupanda basi peke yake mpaka kwa Mwajemi, hununua mkate mmoja, hupita uchochoroni, hurudi. Hapotei. Na watu wakimpa pole, wakasema kifo kilikuja ghafla, hakupata hata kuagana naye, yeye hukataa kwa kichwa. Aliagana naye. Huwasimulia alivyoingia chumbani anatweta, kofia imelowa jasho, kiatu kimefunguka kimejaa vumbi la reli, na Bi Hilwa akafumbua macho, akamkagua toka juu mpaka chini, akasema:

"Umepotea sana, Mjerumani wangu, viatu vyako vinasema. Lakini umefika. Kaa hapa."