Mume Wangu Anataka Nifanane na Wanawake wa Tivi

Asante kwa kulificha jina langu. Nina miaka thelathini na moja, kwetu ni Kitui, shule niliachia darasa la sita. Hapa Kisumu kazi yangu ni kuchuna mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa, kiwandani, nasimama mikono ikiwa kwenye barafu hadi jioni. Nikikosea maneno mnisamehe. Nina hasira.

Ninaishi mtaa wa Manyatta na fundi wa nyumba, nimwite Odhis. Jioni tunaenda kwa jirani mwenye tivi ya betri kutazama mchezo wa Wazungu. Wanapendana, wanaliliana, wanaletewa maua. Mwanamke mweusi ni mmoja tu, mpishi. Mnene, mwenye kelele, akiingia na sahani watu wanacheka. Hakuna mwanamume anayemtaka, hata mlinzi wa geti. Siku moja alipotokea, Odhis akanipiga bega: "Si huyo ni wewe!" Nyumba nzima ikacheka. Tangu hapo ploti yote inaniita Mpishi. Nami, mjinga, nilicheka nao.

Kisha akaniletea mafuta ya kujichubua kutoka soko la Kibuye. "Disemba nakupeleka kwa mama. Ng'aa kidogo. Bibi wa kupendwa hakai mweusi hivyo."

Nikapaka wiki tatu, uso na mikono. Kiwandani lazima tunawe kwa maji ya dawa hadi viwiko kabla ya kushika kisu. Yale maji yalipokuta ngozi iliyochubuka, nilipiga mayowe. Ngozi ilitoka kama ya mbuta. Msimamizi akanitoa mezani: "Mama, damu yako isiingie kwa samaki ya watu." Mpaka leo sijarudi kazini.

Jumapili iliyopita mama yake Odhis akaja bila kutuarifu. Ni mweusi kuliko mimi. Kwao mama halali katika nyumba ya mwanawe, kwa hiyo alikaa tu hapo mlangoni apumzike kabla ya kwenda kwa dada yake. Akashika mikono yangu. "Nyathina, mwanangu, nani amekuchoma?"

Odhis akanitangulia kujibu: "Ni mafuta tu, Mama. Alikuwa mweusi sana."

Mama akamtazama. "Baba yako alinifuata miaka miwili kwa miguu, akinitaka na ngozi hii hii. Na wewe, titi ulilonyonya lilikuwa la rangi gani?"

Odhis akavaa viatu, akaenda kwa jirani kwenye tivi. Mama akaniambia, "Disemba njoo nyumbani. Hata kama yeye hataki."

Jana Odhis alisema mikono ikipona nianze tena, kidogo kidogo. Mkebe wa mafuta uko juu ya kabati, umebaki nusu.

Nampenda mama huyu kuliko mwanawe. Je, nimvumilie mwanamume kwa ajili ya mama yake, ama nirudi Kitui na mikono hii? Niambieni, nitasoma kila jibu. Lakini anayetaka kuniambia nipake tena, asipoteze wino wake.