Nilizima Maiki ya Odhis Kwenye Ubeti wa Mwisho

Nilizima maiki ya rafiki yangu akiwa katikati ya sentensi, mbele ya watu, na nilifanya makusudi. Haikuwa waya. Haikuwa stima kupotea. Kilikuwa kidole changu. Naanza hapo ili usije ukanihurumia mapema.

Naishi mjini Migori. Kazi ya mitambo nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua spika zilizokufa na kuzifunga tena mpaka ziseme. Kiingereza cha hip-hop pia nilijifundisha. Nasimamisha wimbo, narudisha nyuma, natafuta neno kwenye simu, naanza upya. Kama kuna mstari mmoja sijauelewa, usingizi hauji. Ndivyo nilivyo. Nyaya zangu nazikunja zote upande mmoja, na mtu akizishika ovyo, moyo unaniruka.

Napenda albamu za zamani, zile zilizotengenezwa zisikilizwe kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka. Unasikia mlango unafungwa, mtoto anaitwa na mamake dirishani, kisha ngoma inaingia na unajua uko mtaa gani hata kama hujawahi kupanda ndege. Vijana wa siku hizi wanachukua wimbo mmoja na kutupa uliobaki. Mimi nawaona kama mtu aliyekula kichwa cha samaki akasema amekula samaki.

Katika hizo zote kuna albamu moja, na filamu iliyotoka nayo, ambayo nimeishika kwa moyo. Sitaitaja jina. Ni ya ndugu wawili wanaorusha redio yao ya siri kutoka juu ya paa la ghorofa. Mkubwa anakamatwa, anafungwa. Mwishoni mdogo anapanda paa peke yake, anashika maiki na kurap, akijua kaka yake anamsikia kwenye redio ya seli. Ubeti ule una vina ndani ya vina. Nimeusikiliza miaka, na bado nakuta kitu ambacho sikukiona.

Sasa nikueleze Odhis. Kama hujawahi kuingia kwenye banda la video huku kwetu, filamu inachezwa kwa Kiingereza na dijei anakaa kando na maiki, anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Odhis alikuwa dijei, mimi nilikuwa wa mitambo. Siku ya soko tulikuwa tunaenda Ogwedhi. Watu wakishauza ng'ombe wanaingia kwetu, na Odhis anawapa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Filamu yangu ile aliigeuza. Kaka mkubwa akawa mchungaji aliyekamatwa akivusha mifugo bila karatasi. Na kwenye ubeti wa mwisho, ule ubeti, Odhis aliongea juu yake wote: "Kaka, ng'ombe wako wako salama. Mama amekula. Usipigane na mtu huko ndani."

Wazee walikuwa wanafuta macho kwa kofia. Mimi nilikuwa nasaga meno.

"Hakuna ng'ombe hata mmoja kwenye hiyo filamu," nilimwambia tukifunga vyombo.

"Omera, ndugu yangu, hawa watu wako na ng'ombe tangu alfajiri. Unataka wasikilize vina?"

"Nataka wasikie alichosema."

"Alisema nini?"

Nikamweleza mstari kwa mstari, neno hili linavyogongana na lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, huyo Odhis, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Ni tamu. Lakini yule kijana kwenye paa hakuwa anafanya mtihani. Alikuwa anaongea na kaka yake."

Nilimwona mjinga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona.

Basi ikaja habari ya Homa Bay. Mwanamke mmoja, nitamwita Mama Pendo, alikuwa amefungua ukumbi karibu na mahali samaki wanaposhushwa, ukumbi wa kweli wenye viti vyenye migongo, na alitafuta dijei wa kudumu. Alitaka kumjaribu Odhis Jumapili mchana. Odhis alikuwa anaishi na mke na mtoto kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya shemeji yake, na shemeji alikuwa ameanza kuuliza watahama lini. Kazi ile ilikuwa mlango wake wa kutoka. Alijua. Mimi pia nilijua.

"Tuchukue ile ya redio," aliniambia. "Filamu yako. Ndiyo naiweza kuliko zote."

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa akina mama wa samaki, bado na aproni zao. Odhis aliwatazama mara moja tu, na ng'ombe wakapotea. Kaka mkubwa sasa alikuwa mvuvi aliyekamatwa kwa nyavu zisizoruhusiwa. Hakuwa amejiandaa, alibadilisha pale pale. Mama mmoja alipiga kelele kwa polisi wa kwenye kioo, "Muacheni, ana watoto!" na ukumbi mzima ukacheka na kumuunga mkono. Mama Pendo alikuwa mlangoni, mikono kifuani, anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Na mimi nilikuwa nachemka. Mara ng'ombe, mara nyavu. Nilijiambia kwamba watu wa mjini wanastahili kitu halisi. Nilijiambia ubeti ule ukisikika wenyewe, safi, utawaangusha kama ulivyoniangusha mimi. Kijana akapanda paa. Odhis akavuta pumzi, akaanza, "Kaka, nyavu zako nime..."

Nikazima.

Rapa akaanza. Sauti yake ilijaza ukumbi, kila kina mahali pake. Nilisisimka mwili mzima, sitakudanganya. Odhis aligonga maiki kwa kidole, akanitazama. Nikainama kama natafuta waya.

"Mbona amenyamaza?" mama mmoja aliuliza.

"Anamwambia nini ndugu yake?"

"Si mtuambie! Anasema nini?"

Hakuna aliyeelewa. Wale waliosoma pia hawakuelewa, maana ile ni lugha ya mtaa mmoja wa mbali na mimi ilinichukua miaka. Viti vikaanza kulia. Mpaka ubeti unaisha, nusu ya mstari wa mbele walikuwa wamesimama, wanatafuta mabeseni yao.

Mama Pendo alimwambia Odhis kwa upole, "Mwanangu, una mdomo. Lakini chombo kinachokufa watu wakitaka kulia, sitaweza." Kazi akampa mwingine.

Tukirudi Migori, Odhis ndiye aliyenifariji. "Usijilaumu. Mashine ni mashine." Aliniwekea mkono begani. Siku chache baadaye nilimwendea nyumbani nikamwambia ukweli. Hata wakati huo nilikuwa na kiburi. Nilisema, "Nilizima mimi. Ulikuwa unauharibu ubeti."

Mkewe alikuwa anaosha vyombo pale pale. Akaacha kuosha.

Odhis akasema, "Afadhali ungeniacha niamini ni waya." Akaingia ndani, akatoka na nyaya nilizomwazima, akanipa. Alikuwa amezikunja vile ninavyopenda.

Watu walipojua, kila mmoja alikuwa na lake. Mama yangu, Msabato wa kweli, alisema ni hizo nyimbo, nizitupe. Wenzangu wa kundi letu la hip-hop kwenye simu walinipongeza, eti nimetetea utamaduni. Nawajibu wote hapa. Mama, sizitupi. Ninapoandika haya nimevaa vipokea sauti na albamu iko wimbo wa tatu. Muziki haukugusa ile swichi, mimi niligusa. Na nyinyi wa pongezi, kaeni nazo. Hip-hop mnayoitetea ilianzaje? Mtu alichukua rekodi ya mtu mwingine, akaongea juu yake, kwa ajili ya majirani waliokuja kucheza. Hakuomba ruhusa. Hakuuliza mwenye wimbo alimaanisha nini. Nilikuwa na mtu wa namna hiyo kando yangu kila siku ya soko, na ni mimi niliyemnyamazisha.

Juzi nilisikia kwamba Odhis anasimulia filamu Kegonga, huko kwa Wakuria. Nikaenda. Nililipa mlangoni kama mtu yeyote, nikakaa nyuma. Amejifunza Kikuria kidogo, anakitia kwenye matusi, na watu wanakufa kwa kicheko. Maiki ilikuwa inapiga mluzi. Mtu alikuwa ameweka spika vibaya. Mkono wangu ulianza kuinuka wenyewe, nikaukalia.

Ilikuwa filamu ya majambazi. Akatokea yule msaliti, anafuta miwani yake polepole.

"Huyu sasa," Odhis akasema, "ni fundi wetu kutoka Migori. Anapenda vitu safi. Akikushikia maiki, jamaa, andika wosia."

Ukumbi ulicheka. Mzee aliyekaa kando yangu akanigusa kwa goti. "Huyo ni mbaya kweli."

"Ni mbaya, mzee," nikamwambia.

Baadaye msaliti alipigwa risasi, na watu wakashangilia. Odhis hakugeuka upande wangu. Alisema tu, "Msishangilie bado. Hajafa. Bado anasikiliza."

Hakuniongelesha, wala sikumfuata nje. Bado sijasamehewa na sidai. Lakini wewe unayekaa kwenye mitambo ya mtu mwingine, unayejua kila neno na unaona wengine wanakosea, siku kidole chako kitakapokuwasha, fanya kama nilivyofanya Kegonga. Ukalie huo mkono.